Kuhama Jimbo Nchini Marekani Ukiwa na Bunduki Garini: Mwongozo Kamili wa Kusafiri Kisheria

Familia inayohama kwa gari kutoka Dallas, Texas, kwenda Portland, Maine, ikipita njia ya bara, huvuka majimbo 12 yakihesabiwa pamoja na la kutoka na la kufikia, na katika kila moja bunduki iliyomo ndani ya gari hilo hutazamwa kwa sheria tofauti. Wengi wetu tumekulia katika nchi ambazo leseni ya silaha hutolewa na mamlaka ya taifa na sheria ni moja kutoka mpaka hadi mpaka, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba silaha iliyonunuliwa kihalali Texas inabaki halali popote ndani ya Marekani. Dhana hiyo imewafikisha watu wengi mahabusu, wakiwemo raia waliozaliwa hukohuko. Kwa asiye raia, hatari haiishii kwenye faini wala kifungo, kwa sababu sheria ya uhamiaji ya Marekani inalitaja kosa la silaha kuwa sababu ya kumwondoa mtu nchini, hata kama ameishi hapo kwa miaka mingi akiwa na ukaazi wa kudumu.

Mwongozo huu unahusu kuhama nyumba, na kwa hiyo hauzungumzii kubeba bastola kiunoni kila siku wala kusafiri kwa ndege. Sheria za majimbo hubadilika karibu kila kikao cha mabunge yao, na mahakama nazo huzifuta au kuzirudisha, kwa hiyo kila kanuni ya jimbo inayotajwa hapa ithibitishwe upya kwenye tovuti ya polisi wa jimbo husika au ya mwanasheria mkuu wake katika wiki ile ile unayosafiri.

Hatua ya kwanza: hakikisha wewe mwenyewe unaruhusiwa kumiliki silaha

Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968, pamoja na marekebisho yake, inataja makundi ya watu wasioruhusiwa kabisa kuwa na bunduki au risasi. Miongoni mwao ni aliyetiwa hatiani kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kuzidi mwaka mmoja gerezani, aliyetiwa hatiani kwa kosa la ukatili wa nyumbani hata kama lilihesabiwa kuwa dogo, aliyewekewa aina fulani za amri ya mahakama ya kumlinda mwenzi wake, na mtumiaji wa dawa zinazodhibitiwa kinyume cha sheria. Bangi ingalimo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa na serikali ya shirikisho, hata katika jimbo ambalo huuzwa dukani. Anayehama kutoka Colorado akiwa na bunduki kwenye buti na bangi kwenye mkoba asidhani kwamba uhalali wa Colorado unamkinga na sheria ya shirikisho.

Sasa tuje kwa wahamiaji, maana hapa ndipo wasomaji wengi wa Kiswahili walipo. Mwenye grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki. Aliyekubaliwa kama mkimbizi naye hahesabiwi kuwa mwenye viza ya muda. Lakini aliyeingia kwa viza ya muda, yaani mwanafunzi, mfanyakazi wa mkataba au mgeni wa matembezi, amekatazwa, isipokuwa akiingia katika mojawapo ya misamaha michache iliyotajwa na sheria yenyewe, kama vile kuwa na leseni hai ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani. Anayeishi nchini bila kibali amekatazwa kabisa. Yule ambaye ombi lake la hifadhi bado linasikilizwa asiguse bunduki kabla ya kupata jibu la wakili wa uhamiaji, kwa kuwa hali yake kisheria ina utata, na tangu mwaka 2022 adhabu ya juu ya mtu aliyekatazwa kukutwa na silaha ni miaka 15 gerezani.

Katazo hilo linawagusa pia watakaokusaidia kuhama. Ni kawaida yetu ndugu na marafiki kujitokeza siku ya kuhama, mmoja akaendesha lori la mizigo na mwingine gari dogo. Iwapo binamu yako ni mwanafunzi mwenye viza ya muda, na wewe umempa funguo za lori lenye kasha la bunduki nyuma, polisi anaweza kumhesabu kuwa ndiye aliyenayo, kwa sababu sheria haitazami umiliki pekee bali na uwezo wa kukifikia na kukitawala kitu. Bunduki isafiri katika gari analoendesha mwenyewe mwenye bunduki, na abiria wake wawe watu wasiokatazwa. Sheria ya shirikisho inakataza pia kumkabidhi silaha mkazi wa jimbo jingine bila kupitia kwa muuzaji mwenye leseni, kwa hiyo usimwachie rafiki wa njiani akuwekee hadi utakaporudi.

Hatua ya pili: anza na sheria ya jimbo unalokwenda

Watu wengi huanza kuuliza habari za njiani. Mimi nashauri uanze mwisho wa safari, kwa sababu ulinzi wote wa njiani unategemea jambo moja: silaha iwe halali kwako kule unakofika. Ikiwa si halali huko, hakuna namna ya kuifungasha itakayokuokoa.

Kuna mambo matatu ya kuuliza. La kwanza ni aina ya silaha yenyewe. California, New York, New Jersey, Massachusetts, Connecticut, Maryland na Illinois ni miongoni mwa majimbo yanayokataza bunduki nyingi za nusu otomatiki zinazouzwa bila kizuizi Texas au Tennessee. Sheria ya Illinois ilianza kutumika Januari 2023. La pili ni ukubwa wa magazini, yaani chombo kinachoshika risasi ndani ya silaha. Majimbo kadhaa yameweka kikomo cha risasi 10. Vermont, ambayo haijawahi kudai kibali cha kubeba silaha, nayo tangu mwaka 2018 ina kikomo cha risasi 10 kwa bunduki ndefu na 15 kwa bastola. La tatu ni leseni ya kumiliki. Illinois inadai kadi maalumu ya mwenye silaha, maarufu kwa herufi FOID, na New York inadai leseni ya bastola hata ya kuiweka nyumbani. Zaidi ya hayo, jiji la New York lina leseni yake, na leseni ya kaunti nyingine haitoshi huko.

Ukigundua kwamba moja ya silaha zako imekatazwa uendako, iuze kwa muuzaji mwenye leseni kabla ya kuondoka, au iache mikononi mwa ndugu anayeishi katika jimbo lako la sasa, asiyekatazwa, kwa kufuata sheria ya jimbo hilo. Kuibeba ukitumaini kwamba utatafuta suluhisho ukifika ni kubeba ushahidi dhidi yako mwenyewe.

Silaha chache zinahitaji ruhusa ya shirikisho kabla hazijavuka mpaka wa jimbo. Nazo ni bunduki za rashasha, bunduki zenye mtutu uliofupishwa chini ya inchi 16, shotigani zenye mtutu chini ya inchi 18, na vile sheria inavyoviita vyombo vya uharibifu, kama makombora na mabomu ya mkono. Aina tatu za kwanza zimedhibitiwa tangu mwaka 1934, na vyombo vya uharibifu tangu mwaka 1968. Mwenye nazo hujaza fomu namba 5320.20 ya ATF, shirika la shirikisho linalosimamia silaha na vilipuzi, kisha hungoja idhini ya maandishi kabla ya kuondoka. Kifaa cha kuzima sauti hakihitaji fomu hiyo, lakini kimekatazwa katika baadhi ya majimbo.

Hatua ya tatu: ielewe sheria inayokulinda njiani, na mahali inapoishia

Mwezi Mei 1986 Rais Ronald Reagan alitia saini Sheria ya Kuwalinda Wamiliki wa Silaha, inayojulikana kwa herufi FOPA. Kifungu chake cha 926A kinamruhusu mtu asiyekatazwa kusafirisha silaha kwa lengo lolote halali, kutoka mahali anaporuhusiwa kuwa nayo na kuibeba hadi mahali pengine anaporuhusiwa vilevile, hata akipita katika jimbo ambalo sheria yake ingemkataza. Masharti yake ni mafupi. Silaha isiwe na risasi. Silaha na risasi zisiweze kufikiwa moja kwa moja kutoka sehemu wanayokaa watu. Na ikiwa gari halina sehemu ya mizigo iliyotengwa na sehemu ya dereva, silaha au risasi ziwe ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli, ambalo si kisanduku cha dashibodi wala kile kilicho kati ya viti.

Kifungu hiki huitwa njia salama, na jina hilo limewapa wengi imani kubwa kuliko inavyostahili. Kwanza, kinamlinda anayepita tu, na wala si aliyefika au aliyetua. Pili, maneno yake yanataja silaha na risasi, lakini hayataji magazini, kwa hiyo mwenye magazini ya risasi 30 anayevuka New Jersey au New York hana neno la wazi la kifungu hicho la kuegemea. Tatu, hakimzuii polisi kukukamata. Katika majimbo makali mtu hukamatwa kwanza, silaha zake zikachukuliwa, kisha akajitetea kwa kifungu hicho mbele ya hakimu. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya shirikisho yenye makao New York iliamua kwamba msafiri aliyekamatwa hawezi kukitumia kifungu hicho kudai fidia kwa polisi waliomkamata.

Mwaka huohuo mahakama ya rufaa iliyoko Philadelphia ilitoa uamuzi ambao kila anayehama anapaswa kuujua. Mwaka 2005 msafiri wa Utah alikuwa akielekea Pennsylvania na bastola yake ikiwa imefungwa kwa kufuli ndani ya begi lililokabidhiwa shirika la ndege. Akakosa muunganiko wa safari katika uwanja wa Newark, New Jersey, akarudishiwa begi, akalala hotelini. Asubuhi alipolipeleka tena begi na kutangaza kwamba lina silaha, kama kanuni za ndege zinavyotaka, alikamatwa. Mahakama ilisema kwamba usiku ule begi lilipokuwa chumbani kwake silaha na risasi zilikuwa mahali anapoweza kuzifikia, na kwa hiyo ulinzi wa 926A ulikuwa umekatika, ingawa hakuchagua kulala pale. Uamuzi huo ulihusu ndege, lakini hoja yake inamgusa moja kwa moja dereva anayelala njiani.

Hatua ya nne: chora njia kwa kufuata sheria kabla ya maili

Chukua ramani, andika kila jimbo utakalogusa, hata lile utakalovuka kwa dakika chache. Katika safari ya Dallas hadi Portland tuliyoitaja, barabara za I-30 na I-40 zinakupitisha Arkansas na Tennessee, kisha I-81 inakupandisha Virginia, inakata ncha ya West Virginia karibu na Martinsburg, inavuka ukanda mwembamba wa Maryland karibu na Hagerstown, ndipo inaingia Pennsylvania. Kutoka Scranton, barabara ya I-84 inakuingiza New York, Connecticut na Massachusetts, na baada ya hapo unamalizia New Hampshire na Maine. Ukanda ule wa Maryland huchukua muda mfupi sana kuuvuka, lakini ndani yake bastola isiyo na kibali ni lazima iwe tupu na ndani ya kasha lililofungwa.

Ugumu wa njia hii uko kati ya Scranton na mpaka wa New Hampshire, ambako kuna majimbo matatu makali mfululizo. Kwa hiyo lala upande wa Pennsylvania, ondoka alfajiri, na uvuke yote matatu mchana mmoja bila kulala. Sheria ya Pennsylvania yenyewe inamtaja anayehama kutoka makazi mamoja kwenda mengine kuwa miongoni mwa wasiohitaji leseni ya kubeba, mradi silaha ni tupu na imefungashwa vizuri. Hapo husimami juu ya sheria ya shirikisho pekee, na hiyo ndiyo aina ya mahali pa kutafuta kwa ajili ya usiku wako, popote unapokwenda: jimbo ambalo lingekuruhusu kuwa na silaha hiyo hata kama FOPA isingekuwapo.

Programu za ramani za simu hazijui kwamba umebeba bunduki. Ukitoka Detroit kwenda Buffalo, simu inaweza kukuchagulia njia fupi inayokatiza mkoa wa Ontario, ambao uko Kanada. Kanada ina sheria zake kabisa: bunduki ndefu za kawaida hutangazwa mpakani kwa fomu maalumu na kulipiwa ada, na bastola zimezuiwa vikali tangu mwaka 2022. FOPA haina nguvu hata hatua moja ndani ya nchi nyingine. Pita Ohio, uzunguke ziwa Erie kwa kusini. Kwa upande wa Texas, Arizona na California, tahadhari hiyohiyo iwe juu ya mpaka wa Mexico, ambako hata risasi moja iliyosahaulika chini ya kiti imewafunga watu.

Yapo pia maeneo ndani ya jimbo ambayo yana sheria zake. Maegesho ya posta ni mali ya shirikisho, na silaha hairuhusiwi hata ndani ya gari, kwa hiyo usisimame hapo kubadilisha anwani. Kambi za kijeshi ni vivyo hivyo. Ardhi za makabila ya Wenyeji wa asili, zilizo nyingi kandokando ya barabara za Oklahoma, New Mexico na Arizona, zina mahakama na kanuni zao. Hifadhi za taifa hufuata sheria ya jimbo zilimo, tangu Februari 2010, ingawa majengo ya serikali ndani yake bado yamekatazwa.

Hatua ya tano: kufungasha

Fanya kazi hii nyumbani, mchana, watoto wakiwa kwingine, na risasi zote zikiwa zimeondolewa mezani. Kwa bastola, toa magazini kwanza, kisha vuta bamba la juu nyuma hadi lishike. Utaratibu huo ndio muhimu, kwa sababu ukivuta bamba kabla ya kutoa magazini, risasi itakayotoka itafuatwa na nyingine kupanda mahali pake. Tazama ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, kwenye mwanga, kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhisi kwamba ni tupu. Macho peke yake hudanganywa na kivuli. Kwa rivolva, fungua silinda na uhesabu matundu yote. Kwa bunduki yenye magazini ya bomba chini ya mtutu, usiridhike na kutoa risasi inayoonekana, kwa maana nyingine inaweza kubaki ndani ya bomba ikisukumwa na springi.

Ondoa risasi kutoka kwenye magazini zote pia. Katika baadhi ya majimbo neno kujazwa lina maana pana kuliko unavyofikiri: sheria ya New York huihesabu silaha kuwa imejazwa iwapo aliyenayo anazo wakati huohuo risasi zinazoweza kufyatuliwa nayo. Hii ndiyo sababu ya kuweka risasi katika kasha lake lenye kufuli yake, mbali na kasha la silaha, ijapokuwa kifungu cha 926A hakidai makasha mawili.

Kasha la silaha liwe gumu, lifungwe kwa kufuli halisi, na liwekwe kwenye buti. Hata kama gari lako ni sedani yenye buti lililotengwa, ambalo kwa FOPA lingetosha bila kasha, tumia kasha. Sheria ya shirikisho kuhusu maeneo ya shule inakataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule, kiasi cha mita 300, na barabara za mjini hupita karibu na shule kila mara. Mojawapo ya misamaha yake ni silaha tupu iliyo ndani ya kasha lililofungwa kwa kufuli. Kasha moja, basi, linakidhi sheria hiyo, FOPA, na sehemu kubwa ya sheria za majimbo kwa pamoja.

Kwa gari la familia lisilo na buti lililotengwa, weka kasha nyuma kabisa, mbali na mkono wa yeyote aliyekaa, na ulizungushie mizigo. Kwa pikapu, kasha lifungwe kwa mnyororo sakafuni na sehemu ya nyuma ifunikwe. Kwa lori la kukodi, sanduku la mizigo lifungwe kwa kufuli na ndani yake mwe na kasha lenye kufuli. Ukiikodi kampuni ya kuhamisha mizigo, ni lazima uijulishe kwa maandishi kwamba kuna silaha. Nyingi hukataa risasi kwa kuwa ni mzigo wa hatari. Rai yangu ni kwamba silaha zisafiri nawe, na risasi za ziada uzitumie au uziuze kabla ya kuondoka, kwa sababu hupatikana kokote uendako.

Piga picha ya namba ya kila silaha. Andaa bahasha yenye stakabadhi za ununuzi, mkataba wa nyumba mpya, barua ya kazi mpya au ya shule ya watoto, na mkataba wa lori. Bahasha hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba una mahali ulikotoka na mahali unakokwenda, nayo ikae mbele, mahali ambapo kuitoa hakuhitaji kufungua buti.

Hatua ya sita: vituo, usiku, na polisi

Katika majimbo makali, simama kwa mafuta, choo na chakula tu, kisha endelea. Kumtembelea shemeji wa Newark kwa chakula cha jioni kunaweza kuonekana kitu kidogo, lakini mwendesha mashtaka atauliza kama bado ulikuwa safarini. Usifungue kasha mahali popote njiani, hata kwa kukagua. Ukilala katika jimbo linalokuruhusu, ingiza kasha chumbani likiwa limefungwa, kwa kuwa magari ya wanaohama, yaliyojaa hadi dirishani, huwavutia wezi wa maegesho ya hoteli. Likiibwa, toa taarifa polisi mara moja ukiwa na zile picha za namba.

Ukisimamishwa na polisi, zima injini, washa taa ya ndani kama ni usiku, na uweke mikono juu ya usukani hadi uelekezwe. Leseni ya udereva na karatasi za gari zisiwe karibu na silaha. Majimbo kadhaa, Michigan ikiwemo, yanamlazimu mwenye kibali cha kubeba bastola kumwarifu polisi papo hapo kwamba anayo. Yachunguze majimbo yako moja baada ya jingine. Pasipo na wajibu huo, huna lazima ya kutangaza silaha iliyofungwa kwenye buti. Ukiulizwa, usidanganye. Unaweza kusema kwa heshima kwamba hukubali gari lako lipekuliwe, kisha usizuie kwa mkono ikiwa watapekua. Na usidai kamwe kuwa raia ikiwa si raia, kwani uongo huo peke yake unaweza kukuondoa nchini.

Ukweli ni wajibu, lakini si kinga. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye kibali halali cha Pennsylvania, alisimamishwa New Jersey kwa kosa la barabarani na kumwambia polisi kwamba ana bastola, akiamini kibali chake kinatambuliwa huko. Alikamatwa na kukabiliwa na kifungo cha miaka, mpaka Gavana Chris Christie alipomsamehe mwaka 2015. Kabla yake, mwanamume aliyekuwa amehama kutoka Colorado kwenda New Jersey alihukumiwa miaka 7 mwaka 2010, ingawa sheria ya New Jersey ina msamaha kwa anayehamisha silaha kutoka makazi hadi makazi. Baraza la wazee wa mahakama halikuelezwa juu ya msamaha huo. Gavana huyohuyo alimpunguzia adhabu Desemba 2010. Ninawataja wawili hawa kwa sababu wote walikuwa raia, na wote waliokolewa na kalamu ya gavana. Asiye raia anaweza kusamehewa na gavana na bado akabaki na kesi mbele ya jaji wa uhamiaji.

Ukikamatwa, omba wakili na unyamaze. Neno la kwanza kwa wakili huyo liwe hali yako ya uhamiaji, kabla hajaanza kujadiliana na mwendesha mashtaka. Katika shauri la Padilla dhidi ya Kentucky la mwaka 2010, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wakili wa utetezi ana wajibu wa kumwambia mteja wake asiye raia kama kukiri kosa kutamweka katika hatari ya kuondolewa nchini. Mara nyingi mshtakiwa hupewa nafasi ya kukiri kosa dogo, alipe faini na arudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa raia, hiyo inaweza kuwa nafuu. Kwa mwenye grinikadi, kukiri kosa la silaha, hata dogo, kunaweza kuwa mwanzo wa safari ya kurudishwa kwao. Usitie saini chochote kabla ya wakili wa uhamiaji kukisoma.

Hatua ya saba: ukifika

Siku unayoingia katika makazi mapya, ulinzi wa njiani umekwisha na muda wa jimbo umeanza kuhesabiwa. Jiji la Washington, D.C., linamtaka mkazi mpya apeleke maombi ya kusajili silaha ndani ya saa 48 tangu aiingize. California inadai taarifa kwa idara yake ya sheria ndani ya siku 60. Maryland inatoa siku 90 za kusajili bastola na silaha nyingine zinazodhibitiwa. Illinois huhesabu siku 60 za kupata kadi ya FOID tangu mkazi mpya apewe leseni ya udereva ya jimbo. Kibali cha kubeba ulichotoka nacho kinaweza kukoma kutambuliwa pindi unapokuwa mkazi, hata kama kilikuwa kikitambuliwa ulipokuwa mgeni, kwa hiyo acha silaha ndani ya kasha hadi upate cha huku. Mwenye grinikadi akumbuke pia kuijulisha idara ya uhamiaji anwani yake mpya ndani ya siku 10, na nakala ya taarifa hiyo aiweke katika bahasha ileile yenye karatasi za usajili wa silaha.